Amivantamab: dripu ya kwanza ndiyo yenye vituko

Kabla hujauliza bei ya amivantamab, dawa ya saratani ya mapafu inayotolewa kwa dripu, ulizia majibu ya kipimo cha jeni cha uvimbe wenyewe. Amivantamab ni kingamwili, yaani protini iliyotengenezwa kunasa shabaha maalumu, inayoshika vipokezi viwili kwa pamoja, EGFR na MET, vinavyoichochea seli ya saratani ya mapafu ikue. Marekani iliiidhinisha Mei 2021 kwa wenye badiliko la EGFR la kuongezeka kipande kwenye eksoni 20, yaani sehemu ya 20 ya jeni ya kipokezi hicho. Hapo watu wengi hupotea: kipimo cha PCR, kinachotafuta mabadiliko machache yaliyokwisha kujulikana, hukosa mengi ya mabadiliko hayo, kwa hiyo jibu la "hakuna" si la mwisho mpaka jeni zisomwe kwa upana.

Ikitolewa peke yake, aliye chini ya kilo 80 hupata miligramu 1050, aliyefika 80 na kuendelea 1400. Kila wiki kwa wiki nne, kisha kila baada ya wiki mbili. Dozi ya kwanza hugawanywa: miligramu 350 siku ya kwanza, iliyobaki kesho yake. Sababu ni kwamba takribani theluthi mbili ya wagonjwa hupata mmenyuko wa mwili dhidi ya dawa, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili: baridi na kutetemeka, uso kuwaka, kichefuchefu, kifua kubana. Mwambie nesi ukihisi dalili ya kwanza; kuvumilia hapa ni ujinga tu. Dripu husimamishwa, unatibiwa, kisha huanzishwa tena kwa nusu ya kasi. Mara nyingi dozi zinazofuata hupita salama.

Kabla ya dripu hakikisha umepewa deksamethasoni, parasetamoli na dawa ya mzio. Hata kama una poti kifuani (kifaa kidogo cha kupitishia dawa kilichowekwa chini ya ngozi), wiki mbili za mwanzo tumieni mshipa wa mkono, ili mwili ukigoma iwe imeingia dawa kidogo.

Ngozi ianze kutunzwa siku ya kwanza, vipele visisubiriwe. Paka mafuta yasiyo na alkoholi, jikinge na jua mpaka miezi miwili baada ya dozi ya mwisho, na kucha usizikate hadi nyamani, maana pembeni huvimba na kutunga usaha.

Ukipata kikohozi kipya au pumzi ikikatika, usingoje siku ya kliniki. Huenda dawa yenyewe imevimbisha mapafu, na hapo dripu haiendelei mpaka sababu ijulikane.