Kabla Hujawacheka Mafarisayo

Kwenye kikundi chetu cha Biblia hapa Morogoro, ukitaja tu neno Farisayo, yaani mmoja wa kundi la Wayahudi walioshika sana Torati wakati wa Yesu, watu wanaanza kuguna. Kila mmoja ana wake anayemfananisha naye: mzee wa kanisa asiyecheka, au shangazi anayekagua urefu wa sketi za wasichana mlangoni. Nimeongoza vipindi hivyo kwa miaka, na kila anayeanza kuongoza mimi humwambia jambo moja kabla ya yote: usieleze Yesu alijibu nini mpaka ujue aliulizwa nini. Maswali yale yalikuwa na historia ndefu. Waliokuwa wakibishana walikuwa ndugu wa nyumba moja, wenye Torati moja na Hekalu moja, na Yesu alikuwa mmoja wao.

Chukua Mathayo 19. Mafarisayo wanamjia na swali: "Je! Ni halali mtu kumwacha mkewe kwa kila sababu?" Sisi tukilisikia tunarukia mjadala wa ndoa na talaka kwa jumla. Lakini swali limesimama juu ya yale maneno ya mwisho, "kwa kila sababu". Kumbukumbu la Torati 24 inazungumzia mume aliyeona kwa mkewe jambo baya, akamwandikia hati ya talaka. Jambo gani hilo? Hapo ndipo walimu walipogawanyika. Wafuasi wa Shamai walisema ni uzinzi tu. Wafuasi wa Hileli wakasema hata akimharibia chakula jikoni. Baadaye Rabi Akiva akaenda mbali zaidi: hata akimwona mwingine aliye mzuri kuliko huyu. Mabishano haya yameandikwa katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa karibu na mwaka 200 BK.

Ukishajua hayo, unasikia wanachomwuliza hasa: wewe mwalimu wa Galilaya, uko upande wa nani? Na angalia anavyojibu. Anarudi nyuma ya Kumbukumbu la Torati mpaka Mwanzo, sura ya 1 na ya 2, anajenga hoja yake huko, na anaishia karibu na Shamai kuliko Hileli. Anaisoma Torati kwa Torati, kama walivyofanya walimu wote wa kizazi chake. Tulipofika hapo kwenye kikundi, mama mmoja aliuliza, "Kwa hiyo huyo aliyeunguza chakula angeenda wapi?" Swali zuri, na kila ninapofundisha sura hii nalirudia. Ila ukilijibu, taja pia kwamba sheria ya Kiyahudi ilikuwa na hati ya ndoa iliyomdai mume fedha akimwacha mkewe. Tusije tukawafanya Wayahudi wote wakatili ili Yesu aonekane mwema. Hahitaji msaada huo.

Tena usiharakishe kumwandikisha kwenye shule ya Shamai. Talmudi, mkusanyo wa baadaye wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba Hileli, alipoombwa afundishe Torati yote mtu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, alijibu: linalokuchukiza usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni maelezo, nenda ukajifunze. Mtu aliyezoea Mathayo 7:12, watendeeni watu mnayotaka wawatendee ninyi, atashtuka kidogo. Na ile kauli ya Yesu ya kwamba Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu ina ndugu yake katika midomo ya marabi: Sabato imekabidhiwa kwenu, si ninyi mliokabidhiwa kwa Sabato. Ukali wa kweli kuhusu Sabato utaukuta kwingine. Katika maandiko ya jumuiya ya Kiyahudi ya Qumran, ambao magombo yao yalianza kugunduliwa mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, imekatazwa kumtoa mnyama aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Sasa rudi Mathayo 12, pale Yesu anapouliza ni nani kati yenu asiyemtoa kondoo wake shimoni. Anawauliza Mafarisayo akijua watakubali. Angewauliza wale wa Qumran, wangemjibu, "Sisi."

Kwa hiyo mkisoma, hesabuni pia mara ambazo mambo kati yake na Mafarisayo yanakwenda vizuri. Wanamwalika mezani, Luka 7, 11 na 14. Wanamwonya kwamba Herode anataka kumwua, Luka 13. Mwandishi mmoja katika Marko 12 anakubaliana naye kabisa juu ya amri iliyo kuu, na anaambiwa, "Wewe hu mbali na ufalme wa Mungu." Aya hizi huwa tunazipita kama basi lisilo na abiria wa kushusha.

Jambo la pili ninalosisitiza ni sikukuu. Mwinjilisti akitaja sikukuu, simama. Injili ya Yohana ndiyo inayolipa zaidi kwa zoezi hili, na sura ya 7 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni Sikukuu ya Vibanda, mwezi wa Septemba au Oktoba. Huko Yerusalemu mvua hukatika kuanzia Mei hivi, visima vimeshuka, ardhi imepasuka, na wakulima wanatazama mawingu. Sisi tunaosubiri masika tunaijua hali hiyo bila kuelezwa. Marabi walisema katika sikukuu hii ulimwengu unahukumiwa kuhusu maji. Basi kila asubuhi kuhani alishuka na chupa ya dhahabu hadi birika la Siloamu, akachota, akapanda nayo Hekaluni huku tarumbeta zikilia, na maji yakamiminwa madhabahuni pamoja na divai. Usiku, ua wa wanawake uliwashwa taa kubwa za dhahabu. Vijana wa kikuhani walipanda ngazi na mitungi ya mafuta, na tambi zake zilikuwa za suruali na mishipi ya makuhani iliyochakaa. Mishna inasema hapakuwa na ua Yerusalemu usiofikiwa na mwanga ule, na kwamba asiyeiona furaha ile hajawahi kuona furaha maishani mwake.

Ndani ya shamrashamra hizo, "siku ya mwisho, siku ile kubwa ya sikukuu," Yesu anasimama na kupaza sauti: "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Na sura inayofuata: "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Msomee mtu maneno hayo bila sikukuu, atasikia methali nzuri. Msomee na sikukuu yake, ataelewa kwa nini watu waligawanyika papo hapo na wengine wakataka kumkamata. Ngazi za birika lile, kwa njia, zilikutwa mwaka 2004 na watu waliokuwa wakitengeneza bomba la maji taka.

Sasa onyo, maana elimu hii imekuwa na soko. Si kila linaloanza na "katika mila za Kiyahudi" ni la Kiyahudi. Ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kila Pasaka, kwamba leso iliyokunjwa kaburini ilimaanisha bwana anarudi mezani, hauna chanzo chochote cha Kiyahudi. Lango dogo la Yerusalemu liitwalo Tundu la Sindano, ambalo ngamia alilipita kwa magoti, halijulikani katika karne ya kwanza. Yesu alisema sindano akimaanisha sindano. Kamba iliyofungwa mguuni mwa kuhani mkuu, eti avutwe nje akifia Patakatifu pa Patakatifu, inatoka katika Zohari, kitabu kilichojitokeza Hispania karne ya 13, miaka zaidi ya elfu moja baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 BK. Mhubiri akikupa habari ya namna hiyo, mwulize kwa heshima imeandikwa wapi. Na kujua mila za Kiyahudi hakukudai ununue shofari, lile baragumu la pembe.

Liko na lingine zito zaidi. Maneno makali ya Yesu kwa Mafarisayo katika Mathayo 23 ni ya mtoto wa nyumba akiwagombeza wa nyumbani, kama Isaya sura ya 1, ambayo ni kali vilevile. Yakitolewa nje na kushikwa na wasio Wayahudi dhidi ya Wayahudi, yanakuwa kitu kingine, na Ulaya ilionja matokeo yake kwa karne nyingi. Kanisa Katoliki lilitamka wazi mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Ukiongoza kikundi wiki ya Pasaka, sema hilo kwa sauti.

Ukitaka pa kuanzia wiki hii, fungua Yohana 10:22: Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Habari yake iko katika kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 4, pale Yuda Makabayo anapolitakasa Hekalu mwaka 164 KK. Sisi Walutheri hatuna kitabu hicho kwenye Biblia zetu za kawaida, kwa hiyo mimi huwa naazima ya jirani yangu Mkatoliki. Na yeye anapenda kuulizwa.