Muulize Fundi: Taa nyekundu ya asubuhi

SWALI: Fundi, shikamoo. Tangu baridi ianze, kila nikiwasha gari asubuhi taa nyekundu ya breki, ile yenye alama ya mshangao ndani ya duara, haizimiki hata nikishusha hendibreki. Nikiendesha kama robo saa inazima yenyewe, ila nikikata kona kali inapepesa. Breki zinakamata vizuri tu. Shemeji anasema niongeze mafuta ya breki, mambo yaishe. Tena juzi, baada ya theluji nyingi, iliwaka na ya njano ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Niogope?

JIBU: Marahaba. Hiyo kona kali ndiyo imenipa jibu. Ndani ya chupa ya mafuta ya breki kuna boya dogo. Mafuta yakishuka hadi karibu na mstari wa MIN, boya linashuka nayo na taa inawaka. Baridi huyafanya yasinyae kidogo. Injini ikishachemka, joto linaifikia chupa, mafuta yanatanuka, boya linapanda, taa inazima. Kwenye kona yanaegemea upande mmoja na boya linayumba. Mafuta yako yalikuwa mpakani tangu kiangazi, baridi imekuonyesha tu.

Shemeji hajajiuliza mafuta yamekwenda wapi. Breki hazinywi mafuta kama injini kuukuu. Ama yanavuja, ama pedi zimelika. Pedi ikipungua unene, pistoni ya kalipa (kile kibanio kinachoibana pedi kwenye diski ya gurudumu) inasogea mbele kuifuata diski, na nafasi inayobaki nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kwenye chupa.

Ushauri wa shemeji niliwahi kuutumia nikiwa kijana gereji. Mteja ana haraka, nikajaza mpaka MAX, taa ikazima, akaniachia na bakshishi. Baada ya wiki chache akarudi, gurudumu la mbele linasaga chuma kwa chuma, diski ina mifereji kama sahani ya santuri. Nikarudisha pistoni ndani ili nifunge pedi mpya, na yale mafuta niliyoongeza yakafurika yakamwagikia ubavuni mwa gari. Mafuta ya breki hula rangi. Kupaka rangi upya nililipia mimi, bakshishi haikutosha hata kopo.

Kwa hiyo kesho, gari likiwa bado la baridi na limesimama pa tambarare, futa chupa kwa kitambaa na uimulike kwa tochi. Usawa wa mafuta utauona kupitia plastiki. Kifuniko usikifungue bila sababu, maana mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani. Ndiyo maana magari mengi hutakiwa kubadilishiwa kila miaka 2 hivi. Kisha mulika pedi kupitia matundu ya rimu, na usiridhike na ya nje, ya ndani mara nyingi ndiyo hutangulia kuisha. Zikibaki milimita 3, agiza mpya. Zikishafungwa, mafuta yatapanda yenyewe. Zikiwa bado nene, tafuta unyevunyevu nyuma ya magurudumu na kwenye mabomba ya chini ya gari, hasa kama barabara zenu humwagwa chumvi, maana chumvi huyatoboa kwa kutu.

Pia kanyaga pedali injini ikiwa inanguruma, uishikilie. Ikizama taratibu, au ikiwa laini kama sponji, gari lisitoke hapo ila kwa kuvutwa.

Ya njano ni habari nyingine. Kila gurudumu lina sensa inayosoma mzunguko wake, na theluji iliyoshindiliwa pale huweza kuivuruga. Betri iliyochoka nayo, volti zikianguka wakati wa kuwasha, huiwasha taa hiyo. Ikirudi baada ya kusafisha, ipimwe kwa mashine. Ikiwa peke yake, breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye barafu magurudumu yatajifunga. Ikiwaka pamoja na nyekundu na zote zikagoma kuzima, usiendelee na safari: magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele, na gari likageuka mkia mbele.

Na kama shemeji ameshanunua mafuta, asome kwanza kifuniko cha chupa ya gari. Kikisema DOT 3 au DOT 4 (hizo ni aina za mafuta ya breki) naye kaja na DOT 5, ayarudishe dukani: hiyo ni silikoni, haichanganywi.