Re: Kiingereza cha intavyuu ya fom wani
Dada, umeuliza mdogo wako kamaliza la saba shule ya Kiswahili, aanzie wapi na Kiingereza cha intavyuu, ule mtihani wa kuingia fom wani. Usimkaririshe kamusi jamani, atachoka bure. Anza na he na she, sisi tunasema "anakuja" kwa wote wawili ndo maana watoto wanachanganya sana, halafu ile s ya "she goes", kisha since na for: since 2020 ni tangu, for 5 years ni kwa muda wa. Wangu alikuwa anaandika sentensi 5 za siku yake kila jioni tunasahihisha wote, kosa la "he have" badala ya "he has" lilirudi wiki mbili nzima ndo likakoma. Msamiati ataupata humohumo, jikoni, dukani. Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka ya nyuma, afanye akishazoea, na ajipimie muda.