Maswali ya Jukwaani: Msimu mpya unakuja, tuanze na mchezo gani?

Naona kila kikundi cha maigizo ya kujitolea saa hizi kinapanga msimu mpya, maana barua nyingi za mwezi huu zinauliza mambo yaleyale. Nimechukua nne.

*

Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu tuna michezo minne msimu ujao, miwili ya kawaida na miwili ya muziki. Kamati inataka tufungue na ule mkubwa wa muziki wenye watu 30 jukwaani, halafu wa pili wa muziki ufuate hapohapo nyuma yake eti watazamaji wasipoe. Mimi ndo nashona maleba na kichwa kimeshaanza kuuma. Nani yuko sahihi? (Fundi wa Sindano)

Marahaba mwanangu. Wewe ndo uko sahihi na naomba hii uwasomee kwenye kikao. Kamati ikipanga msimu inaangalia bango, inaona majina manne makubwa yamekaa vizuri, haioni kwamba nyuma ya bango kuna watu walewale sita, yaani anayeshona ndo huyohuyo anapaka rangi mandhari, mumewe anabeba mbao, binti yao yuko mlangoni anachana tiketi. Ukiwapangia michezo miwili mikubwa mfululizo, wa pili watausimamisha wakiwa wamenuniana.

Mchezo wa kawaida wa wahusika watano unaweza ukaiva kwa wiki sita hivi kama watu wanakuja mazoezini kweli. Wa muziki ni kama mazoezi matatu kwa wakati mmoja, kuna nyimbo, kuna kucheza, kuna maneno, kila kimoja na mwalimu wake, halafu siku ya kuunganisha na bendi ndo mtu anagundua wimbo aliokuwa anaumudu akiwa amekaa kwenye kiti haumudu akiwa anaruka. Mimi chini ya wiki kumi sikubali.

Kwa hiyo ningefungua na kichekesho kidogo, mandhari moja tu, sebule na mlango unaofunga sawasawa (msicheke, vichekesho vingi vinaharibika kwa sababu ya mlango), na wakati kinaendelea wale wa muziki wako chumba cha pembeni wanajifunza nyimbo. Mkubwa unakuja wa pili, mchezo wa kawaida unaingia katikati kama pumziko la mafundi, na wa muziki mdogo unafunga msimu. Na kuhusu hela tusidanganyane, wa muziki ndo unajaza viti, na sio kwa utamu wa nyimbo peke yake, ukiweka watoto 15 kwenye kundi la waimbaji kila mmoja anakuja na mama, bibi, shangazi na majirani wawili. Hela hiyo ndo inabeba ule mchezo mgumu wa watu wanne ambao kamati inauogopa. Msiutoe. Huo ndo unaofanya waigizaji wenu wazuri wasihame.

Sasa yako wewe wa sindano. Mwaka mmoja tulikuwa na mhusika anabadilisha gauni katikati ya wimbo, anatokea kushoto, ana sekunde 40, anarudi kulia. Gauni lina vifungo 11 mgongoni, wazo langu hilo, nilitaka lionekane la kizamani. Usiku wa kwanza akarudi mgongo wazi, akaimba wimbo mzima anatutazama sisi tu, wenzake wanazunguka na yeye hazunguki, mpaka pazia. Kesho yake vifungo vikabaki pambo la juu, chini tukashona Velcro (ule utepe wa kunata), viatu tukatoa kamba tukaweka lastiki, na dada mmoja akawa anamsubiri gizani amepiga magoti, tochi mdomoni, gauni limeshafunguliwa sakafuni kama duara ili aingie miguu tu na kulivuta juu. Ila Velcro ina kelele. Usiifungue wakati jukwaani mtu anafariki.

*

Mwalimu habari. Mjumbe wetu mmoja anasema kwa kuwa sisi hatulipwi na tiketi ni za kuchangia tu ukumbi, hatuhitaji kibali cha mwenye mchezo. Amepakua nyimbo mtandaoni na tayari ametangaza tarehe. Mimi katibu silali. (Katibu)

Una haki ya kutolala. Kutolipwa kwenu hakumhusu mwandishi, kinachoangaliwa ni kwamba mmeita watu waje kutazama kazi yake, na kwa kawaida hata onyesho la bure linahesabika. Kuna nchi zina misamaha midogo, ya darasani kwa mfano, lakini ukumbi wenye tiketi mlangoni sio darasa.

Michezo mingi ya muziki inayojulikana duniani inakodishwa na kampuni maalumu, mbili kubwa ni Music Theatre International na Concord Theatricals. Unawaandikia unataja tarehe, idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi na bei ya tiketi, wao wanakupa bei yao au wanakukatalia, na kukataliwa kupo sana, hasa kama kuna kundi la kulipwa linazunguka na mchezo huohuo karibu na kwenu. Ndo maana kutangaza kabla ya kibali ni kosa, mwambieni mjumbe ashushe tangazo leo. Mkikubaliwa vitabu vya nyimbo mara nyingi ni vya kuazima, vinarudi, kwa hiyo waimbaji waandike kwa penseli na siku ya mwisho mkae chini mfute wote. Kurekodi video ni ruhusa nyingine. Kuonyesha mtandaoni nayo nyingine. Na maneno hayaguswi, mkitaka kukata tukio au baba awe mama mnaomba kwa maandishi kwanza, msije mkasema "nani atajua", mchezo wenyewe mnautangaza nyie.

Kama mfuko ni mwepesi angalieni waliofariki zamani. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi, unalinda kazi angalau maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, Ulaya ni 70, ukirudi nyuma zaidi ya hapo unakuta mlango uko wazi: Shakespeare alifariki 1616, Molière 1673, Ibsen 1906. Hata kwa muziki wapo, Gilbert aliyeandika maneno alifariki 1911 na Sullivan aliyetunga nyimbo 1900, na vichekesho vyao vya kuimba bado vinachekesha.

Ila hapa ndo watu wengi wananaswa. Mwandishi yuko huru, mtafsiri hayuko huru. Mnachukua Mabepari wa Venisi mnasema ni Shakespeare, bure hiyo, wakati Kiswahili kile ni cha Mwalimu Nyerere, kilitoka 1969, na yeye alifariki 1999, kwa hesabu ya miaka 50 ni mpaka 2049 iishe. Kwa hiyo ama mnaomba ruhusa ya tafsiri, ama mnatafsiri wenyewe kutoka kwenye lugha ya asili. Hilo la pili ni kazi kweli lakini nimeona kikundi kikikaa miezi mitatu na tukio moja, wanabishana neno la tusi lipi lina ladha, na siku ya onyesho hakuna aliyesahau mstari, maana kila mtu alikuwepo unapozaliwa. Angalieni na muziki pia, nota za zamani zinaweza kuwa huru na mpangilio mpya wa bendi ukawa na mwenyewe.

*

Eti Macbeth, ule mchezo wa Shakespeare, haitajwi jina ukiwa ukumbini, na tukiucheza msimu huu tutapata mikosi? (Kijana wa Taa)

Wengi wanauita "ule mchezo wa Skotilandi" na kuacha hivyo. Mikosi yake mi naielewa bila uchawi, una mapigano ya panga mengi na sehemu kubwa inachezwa gizani, panga na giza vikikutana lazima mtu aumie. Fanyeni mazoezi ya mapigano kila siku kabla ya onyesho, polepole kwanza. Na wewe wa taa, acha balbu moja inawaka jukwaani usiku mkifunga, wazee wanasema ni ya mizimu, lakini inamsaidia pia atakayefungua asubuhi asitumbukie.

*

Shikamoo Mwalimu, nina miaka 58, naimba kwaya tangu utoto lakini kuigiza sijawahi. Kikundi cha hapa kinafanya usaili wa msimu wote kwa siku moja, naogopa watanicheka. Niende? (Sauti ya Pili)

Marahaba dada, nenda. Hujui unavyotafutwa. Kwenye usaili mabinti wa miaka 20 wanajaa mpaka nje, halafu kwenye mchezo kuna bibi, kuna mama mkwe, kuna jaji, na mwongozaji anaishia kumpaka msichana unga kichwani ili awe mzee. Ukiingia na miaka yako halisi umeshamrahisishia kazi. Na mtu wa sauti ya pili ni dhahabu, anayeweza kushika sauti yake wakati jirani anaimba nyingine, wengi wanakimbilia ya kwanza.

Andaa kipande cha wimbo kama dakika moja, kisiwe kile kigumu kuliko vyote, kiwe kile unachoweza kukiimba hata ukiwa na homa. Kama kuna mpiga kinanda mpelekee nota zilizo kwenye ufunguo wako, ukimwambia "nishushie kidogo" papo hapo mtasumbuana wote wawili. Halafu watakupa karatasi usome na mtu usiyemjua, hapo usihangaike kuigiza sana, msikilize mwenzako ndo umjibu, mi mwongozaji naangalia macho yako wakati sio zamu yako ya kusema. Usianze kwa kuomba radhi kwamba umekohoa au hujazoea, tutaona wenyewe.

Na ile fomu ina sehemu ya tarehe usizoweza kufika. Andika zote, kwaya, harusi, safari, zote, kwa sababu mwongozaji akijua mapema anapanga mazoezi kuzizunguka, akijua wiki ya mwisho nafasi yako anampa yule wa unga.