Mtaalamu wa mazingira akija kijijini, aje bamvua

Hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja hufika kwetu kwanza kama kikao: sheha (kiongozi wa shehia, ngazi ya chini ya serikali), wazee, mwekezaji, na mtaalamu wa tathmini ya athari za mazingira na fomu zake. Nimekaa katika vikao hivyo nikiwa mjumbe wa kamati ya shehia, na neno langu kwa wanakijiji wenzangu ni hili: sheria tunayo, ila ripoti hubeba kile tu alichokiona mtaalamu siku alizokuja.

Inayotuhusu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015. Ile ya mwaka 2004 ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano. Hoteli haitakiwi kujengwa kabla ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira ya Zanzibar, haijaipitia tathmini na kutoa cheti, na wananchi wanapaswa kusikilizwa kabla ya hapo.

Wasikilizwe lini, sasa? Mtaalamu mmoja alikuja kwetu siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, akapita ufukweni asione mtu, akaandika kwamba pale hapana shughuli. Lilipofika bamvua, maji yakatoka mbali, pwani ile ile ikajaa kina mama: wa mashamba ya mwani, wanaochokoa pweza, wanaookota chaza. Tukamtaka arudi. Alirudi, na mashamba ya mwani yakaingia kwenye ramani. Kwa hiyo mpangieni aje kutazama pwani wakati wa bamvua, na kikao mkiweke maji mafu, kina mama wakiwa nyumbani. Kikao kinachofanywa maji yakiwa yamekupwa huwakosa wale wale watakaopoteza zaidi.

Misimu nayo izingatiwe. Mchanga wetu huhama baina ya kaskazi na kusi, na aliyepima Januari peke yake hajui ufukwe utakuwa wapi Julai. Ukuta ukijengwa mahali pabaya, bahari hula ufukwe wa jirani.

Ukiwa na nafasi ya swali moja tu, uliza maji. Huku kwetu ni maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe. Maji matamu ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi chumvi hupanda, na visima vya majirani huharibika. Kisima chao kitachimbwa wapi? Kitavuta lita ngapi kwa siku? Nani atapima chumvi, na matokeo tutayasoma wapi? Waulizeni na makaro, maana jiwe la matumbawe hupitisha maji machafu upesi bila kuyachuja. Wakijibu "tutalizingatia", msikubali liandikwe hivyo kwenye muhtasari. Dai namba.

Wapo watakaowaambia kuwa kijiji hakiwezi kushindana na mwekezaji. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilikusudiwa hoteli. Wavuvi wakapinga, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi.

Cheti kikitoka huja na masharti. Ombeni nakala yake, ikae kwa sheha na nyingine skuli. Na kabla pampu ya hoteli haijawashwa, hakikisheni chumvi ya visima vyenu imepimwa na majibu yameandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili, kwani bila kipimo cha mwanzo hamtaweza kuthibitisha mbele ya yeyote kwamba maji yameharibika.