Rampu ya zahanati: mita ngapi, na ni kazi ya nani?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nimemaliza shahada ya usanifu majengo na niko ofisi ndogo hapa Busia. Tunachora zahanati ya vyumba vinne. Sakafu iko sentimita 60 juu ya ua, na kutoka barazani hadi getini ni mita 15. Nimeweka rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, mkubwa wangu anasema inakula uwanja, na mambo ya walemavu tuwaachie wanaharakati. Niipime vipi, na nimjibu nini?

JIBU: Mdogo wangu, mteremko usizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda ipate sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa sentimita 60 hiyo ni mita 7.2, na bado hujaweka sehemu tambarare za kugeuzia, mita 1.5 kwa 1.5, juu na chini. Mkubwa wako ana sababu ya kushtuka. Ila muulize hizo sentimita 60 zimetoka wapi. Huku kwetu msingi huinuliwa kwa hofu ya mvua. Maji yakikatwa na mfereji upande wa juu wa kiwanja, huenda sakafu ikashuka hadi 30, na rampu ikawa mita 3.6. Isipowezekana, jazeni murramu, mshindilie, njia yenyewe ipande polepole kutoka getini kwa 1 kwa 20. Mita 12 zinatosha, na mama mjamzito, mzee wa mkongojo na wa kiti cha magurudumu wote wanaingia mlango mmoja wa mbele. Naipenda hii kuliko rampu yoyote.

Sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa usiitie hapo, ikilowa inatelezesha. Fundi apitishe ufagio juu ya zege bichi, kukatisha njia, na pembeni aache kingo za sentimita 10.

Kuhusu wanaharakati: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Uganda ya mwaka 2020 inadai majengo ya umma yafikike, na anayechora kufikika huko ni wewe. Marehemu Doreen Adengo, msanifu majengo wa Uganda aliyefungua ofisi yake Kampala mwaka 2015, alichora, akafundisha na akatafiti jiji kwa pamoja, na michoro yake haikudhoofika kwa hilo.

Mimi nilijifunza vibaya. Niliwahi kuchora rampu ya 1 kwa 8 bila kumuuliza mtu. Mama wa kwanza kuitumia alisukumwa na mwanawe mdogo. Peke yake hakuweza kupanda. Sijasahau uso wake.

Na Busia ina jambo lake. Wale wa baiskeli za mkono za magurudumu matatu wanaovusha mizigo mpakani watakuja kutibiwa hapo, na baiskeli zao ni ndefu kuliko kiti cha magurudumu. Ile mita 1.5 haiwatoshi kugeuka. Nenda na tepu, omba ruhusa, pima urefu, upana na nafasi ya kugeukia, waulize mlango gani unawasumbua. Viandike vipimo hivyo kwenye mchoro wenyewe, halafu umpelekee mkubwa wako.