Re: Fukusi wa gugumaji wametoweka baada ya baridi kali, niachie wengine?

Usiachie wengine bado. Fukusi wa Neochetina, wadudu wanaoachiwa majini ili wale gugumaji na kulipunguza, hujificha mchana katikati ya mmea, kwa hiyo kutowaona si hoja. Chukua mimea kama 20 kutoka sehemu mbalimbali, pasua vikonyo vya majani kwa wembe utafute funza, kisha kagua mizizi: bundo (hatua kati ya funza na mdudu mkubwa) hukaa pale, ndani ya kifuko kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, na maji huwakinga. Makovu mapya ya kuliwa kwenye majani machanga ni dalili kwamba wakubwa wapo.

Sakitu (umande ulioganda kwa baridi kali) huua majani pamoja na mayai na funza waliomo. Lakini kitovu cha mmea, kilicho usawa wa maji, mara nyingi hupona. Joto likirudi gugu huchipua upesi, ilhali fukusi huhitaji takribani miezi 3 kumaliza kizazi kimoja. Pengo hilo ndilo linalokuangusha, si vifo vyenyewe. Ukilazimika kuongeza, achia mwanzoni kabisa mwa majira ya joto. Wanastawi vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi.

Safirisha kwenye boksi la kuhifadhi ubaridi, pamoja na vipande vya jani na karatasi ya kufyonza unyevu. Barafu ifungwe kwa magazeti isiwaguse. Gari lililoegeshwa juani huwaua haraka kuliko sakitu yoyote, na hapo ndipo wengi hupoteza mzigo mzima. Achia jioni.